Goti Lililoponywa kwa Chaki

Mshiriki Namba 41,
Kibanda cha Ushonaji, chini ya ngazi,
Jengo la ghorofa tatu, nyuma ya maduka ya vitambaa.

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Utafiti wa Maradhi ya Viungo.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KUPONYWA BILA DAWA, NA KUAMBIWA BILA KUULIZA

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili, pamoja na chache za akiba nilizobakiwa nazo baada ya kusoma barua yako. Natumaini hujambo, na magoti yako yote mawili hayajambo. Mimi ni fundi cherehani, kazini miaka thelathini na minane. Huenda hunikumbuki, kwa kuwa tangu nijiunge na utafiti wenu wa dawa mpya ya maumivu ya goti nimekuwa Mshiriki Namba 41, na sikulalamika. Viatu navyo huandikwa namba, na watu wanavivaa.

Wiki iliyopita nilipokea barua yenye mhuri wako. Inanishukuru kwa ushirikiano wangu wa wiki kumi na mbili, inanitakia afya njema, na katikati ya shukrani na afya njema, kama pini iliyosahauliwa kwenye kola ya shati jipya, inanijulisha kwamba kompyuta ilinipangia Kundi B, na kwamba sisi wa Kundi B hatukupewa dawa. Tulipewa kidonge cheupe cha chaki na wanga, chenye umbo, ukubwa na heshima sawa na kidonge cha Kundi A, ili ninyi wataalamu mpate kulinganisha.

Ndugu Mkurugenzi, mimi nilipona. Mmeandika wenyewe: maumivu yameshuka kutoka nane hadi mbili, matokeo mazuri kuliko ya mshiriki yeyote wa kundi lolote. Sasa nesi amenipigia simu kuwa mnataka kunionyesha kwenye mkutano wa wataalamu. Kabla sijaonyeshwa, naomba malalamiko yangu yasikilizwe. Nimeyapanga kwa namba, maana naona namba ndiyo lugha inayofunguliwa mlango hapo kwenu.

1. Naanza na hilo la kuniambia. Najua mtasema limo katika fomu ya ridhaa. Ni kweli. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nane. Nesi alinisomea mbili za mwanzo na ya mwisho, hizo kumi na tano za katikati tukaaminiana. Niliisaini. Lakini mtu mwenye goti lililovimba akipewa kalamu na kiti, husaini chochote ili asinyang'anywe kiti.

Fundi mwenye adabu hamwambii bwana harusi kwamba koti lake limeungwa mgongoni kwa vipande viwili kwa sababu kitambaa kilipungua. Koti limekaa? Limekaa. Bwana harusi anatabasamu? Anatabasamu. Basi fundi hufunga mdomo na kufunga kibanda. Wanaume wa mtaa huu nimewavalisha viraka vya siri miaka thelathini na minane, na sijamwandikia barua hata mmoja wao kumweleza yaliyo mgongoni mwake. Ninyi mmesoma zaidi yangu, lakini hili la kunyamaza hamkufundishwa.

2. Barua yenyewe mliipeleka nyumbani, ghorofa ya tatu, mlango wa kijani, badala ya kuileta hapa kibandani. Ni rehema tu kwamba tarishi alizitazama ngazi zetu arobaini na mbili, akanitazama mimi, akaniachia. Ingepanda juu ingefunguliwa na mke wangu. Mke wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka thelathini na moja ubaoni, na mtaa mzima humwita Mwalimu, nami nikiwemo. Mwalimu hufungua barua zote zinazoingia, na zangu zinazotoka huzisahihisha kwa kalamu nyekundu. Hii hataiona.

Kwa hiyo naomba, kuanzia leo, barua yoyote yenye neno chaki, wanga au Kundi B iletwe kibandani tu, mkononi mwangu. Sababu ni za kifamilia na hazihusiani na sayansi.

3. Kuhusu vipimo vyenu. Kila miadi nesi alinionyesha karatasi yenye nyuso kumi na moja, wa kwanza ukicheka na wa mwisho ukilia, akaniuliza goti langu leo linafanana na uso upi. Mimi ni mtu wa inchi. Siku ya kwanza nilimwambia nane kasoro robo. Akasema hakuna robo. Nikamuuliza kama angekubali kushonewa sare na fundi asiyejua robo, akaandika nane na kuniambia nivue kiatu.

Lakini lililoniudhi zaidi ni tepu. Daktari wenu kijana, yule mwenye miwani na adabu nyingi, alikuwa akinizungushia tepu kwenye goti la kulia kila baada ya wiki mbili, na kila mara akakuna kichwa. Alidai uvimbe haujapungua. Wiki ya kumi akadai umeongezeka nusu inchi. Akatazama daftari langu, ambamo imeandikwa kwamba napanda ngazi kama mbuzi, akatazama goti, akarudi kwenye daftari. Nilimweleza kwa upole kwamba tepu yao imesinyaa. Tepu ya kitambaa ikifutwa kila siku kwa ile dawa yenu ya kuulia vijidudu husinyaa, na kila fundi analijua hilo. Mara iliyofuata nilikwenda na tepu yangu, nikajipima mwenyewe, nikapata inchi nilizokuwa nazitaka. Alikataa kuziandika. Naomba aonywe.

4. Kuhusu daftari. Mlitupa kila mmoja daftari la kuandika maendeleo kila siku baada ya kumeza kidonge. Langu lilijazwa kurasa zote, bila kufutwafutwa, kwa mwandiko ambao nesi alisema ni mzuri kuliko sahihi yangu. Hayo nayachukulia kuwa matusi. Kisha akaanza kunihoji kama askari. Wiki ya tatu imeandikwa: leo nimeshuka hadi chini kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Akauliza, kibanda changu si kiko huko huko chini, nilikuwa nafikaje kazini? Wiki ya tano imeandikwa: nimepanda na kapu la sokoni, nimepumzika mara moja tu. Hapo alitazama mguu wangu, akaendelea. Wiki ya nane imeandikwa: nimesimama mazoezi yote ya kwaya, mstari wa mbele, sauti ya kwanza. Hapo akaweka kalamu chini, akataka kujua imekuwaje mwanamume mwenye sauti ya cherehani iliyokosa mafuta awekwe sauti ya kwanza pamoja na akina mama.

Nilimjibu kwamba sijasoma popote, hata katika zile kurasa tatu, kwamba dawa ya goti hairuhusiwi kupita kooni. Akacheka, akageuza ukurasa. Naye aonywe, lakini kidogo, maana ana mkono mwepesi wa sindano.

5. Sasa nije kwa jirani yangu kinyozi. Huyu naye alikuwa mshiriki wenu, namba thelathini na nane, na barua yake ilimwambia alikuwa Kundi A. Yaani alikunywa dawa ya kweli wiki kumi na mbili, na bado anachechemea vilevile. Mngedhani ameona haya. Kinyume chake, ameibandika barua juu ya kioo, kila anayenyolewa ataisoma akitaka asitake. Siku hizi anachechemea kwa majivuno, kama mtu aliyerudi kutoka masomoni. Wateja wake wanamwita Kundi A, naye anaitika.

Juzi, baada ya kuichungulia barua yangu begani mwangu, aliniambia mbele ya watu watatu wenye povu shavuni kwamba kupona kwangu ni kwa bandia, na kwamba yeye afadhali augue kihalali kuliko kupona kwa kudanganywa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ila tangu siku hiyo nimelazimika kupita mbele ya duka lake mara nne kwa siku nikitembea wima, bila kushika ukuta, na hiyo, Ndugu Mkurugenzi, si kazi nyepesi kama mnavyofikiri huko mliko na viti vyenu vya magurudumu. Naomba Kituo kimwandikie kinyozi barua ya pili ya kumshusha.

6. Hapa ndipo penye uzito, na tafadhali usome taratibu. Vidonge vimebaki saba. Nilikwenda dirisha la dawa kuomba vingine. Nikaambiwa utafiti umefungwa, na kwamba hata usingefungwa, hakuna utaratibu wa kumwendelezea mtu kidonge kisicho na dawa kwa kuwa hakina faida. Nikamwambia mhudumu, mimi hapa ndiye faida. Akaita mwingine anayefuata kwenye foleni.

Sikukata tamaa. Mimi pia nina chaki. Fundi gani hana chaki? Nilichukua kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa, nikakikata kwa mkasi, nikakizungusha juu ya msasa mpaka kikawa duara. Chaki yangu ni ya bluu. Nilitengeneza vidonge kumi na vinne, nikavipanga mezani vikauke, na Mwalimu alipopita akasimama, akavitazama, akaniuliza ni gauni la nani hilo lenye vifungo vidogo namna hiyo. Ikabidi nishone gauni. Limening'inia hapa hadi leo, halina mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu rasmi ni hili. Naomba nipatiwe chaki yenu, ile nyeupe, ya mwaka mzima kwa kuanzia, katika chupa ileile, yenye kifuniko kilekile cha kubonyeza kabla ya kuzungusha, maana nacho naamini kina sehemu yake katika uponyaji. Kwa miezi ya baridi naomba ya nguvu mara mbili. Msiniambie ni hatari. Mmesema wenyewe kuwa ndani yake hamna kitu, na si kitu mara mbili ni si kitu, hata Mwalimu atawahesabia. Hakuna daktari duniani anayeweza kuninyima kitu ambacho hakipo kwa hofu kwamba kitazidi.

7. Pamoja na chaki, naomba barua nyingine. Iseme kwamba barua ya kwanza ilikosewa, kwamba kompyuta ilipitiwa, na kwamba Mshiriki Namba 41 alikuwa Kundi A tangu mwanzo. Iwe ndefu. Iwe na maneno mawili matatu ya kitaalamu yasiyoeleweka, na mihuri miwili, mmoja juu ya mwingine. Isomeke vizuri kwa sauti. Iwekwe pia makosa machache ya tahajia, kama matano hivi, ili msomaji mwenye kalamu nyekundu apate shughuli na asiitazame sana maana yake. Hii ya pili ndiyo muipeleke ghorofa ya tatu.

Mtasema hamwezi kuandika uongo. Ndugu Mkurugenzi, kwa wiki kumi na mbili mlinipa chaki kila baada ya siku kumi na nne, mkanieleza nimeze baada ya kula, nisinywe pamoja na maziwa, na nikiona kizunguzungu nipige simu. Mliniandikia na namba ya simu. Leo mnaniambia uongo umewashinda?

8. Mwisho, nimelitafakari suala hili kwa mapana ya taifa. Ikiwa wa chaki amepona na wa dawa anachechemea, basi sayansi imeshasema na kilichobaki ni utekelezaji. Maduka yote ya dawa yafungwe yafunguliwe upya kama maduka ya vifaa vya shule. Wizara ya afya na wizara ya elimu ziunganishwe, zitumie stoo moja. Mganga mkuu asiitwe tena mganga mkuu. Aitwe mwalimu wa zamu. Maabara yenu, ambako mlinitoa damu chupa tatu kila miadi na kuniambia ni kidogo, igeuzwe kiwanda, na wale vijana wa makoti meupe wapewe ubao mmoja kila mmoja. Kundi A wote warudishe dawa walizokunywa. Sijui watazirudishaje, hilo ni la wataalamu.

Mimi nitakuja kwenye mkutano wenu kuonyeshwa, nikiwa nimevaa suti niliyoishona mwenyewe, kwa sharti moja: jukwaa lisiwe na ngazi. Si kwa ajili ya goti. Ni kwa ajili ya heshima.

Nakuomba uyashughulikie haya kabla vidonge saba havijaisha, yaani kabla ya Jumatatu ijayo asubuhi. Nisalimie nesi wa miadi na mkono wake mwepesi. Nisalimie daktari wa tepu, mwambie sina kinyongo. Wasalimie wa maabara, mhudumu wa dirisha la dawa na foleni yake, mlinzi wa getini aliyekuwa akiniletea kiti bila kuombwa, na kompyuta pia, ambayo haina goti na ndiyo iliyopewa kuamua ya magoti yetu.

Ni mimi niliyepona kinyume cha taratibu,
Mshiriki Namba 41.

Tanbihi. Nilikuwa nimeshaigundisha bahasha. Nimeifungua tena.

Katika ule ukurasa wa mwisho wa fomu, ambao nilisomewa, kuna mstari unaosema mshiriki ataeleza ukweli. Basi ukweli ni kwamba sikumeza vidonge vyenu. Nilimeza kimoja tu, siku ya kwanza, mbele ya nesi, kwa kuwa alikuwa akinitazama.

Siku ya usajili tulikuja wawili. Mwalimu alikuwa mbele yangu kwenye foleni, na goti lake ni baya mara mbili ya langu. Alikuwa na miezi haishuki chini ya jengo ila kwa ajili ya hospitali. Kwaya alikuwa ameacha. Mlimpima presha, mkasema iko juu, hawezi kuingia kwenye utafiti, na anayefuata. Anayefuata nilikuwa mimi. Siku hiyo tulirudi nyumbani tukapanda zile ngazi, yeye akipumzika kila baada ya tano na kusema kwamba anatazama mandhari. Dirisha la ngazini kwetu linatazamana na ukuta. Tulipofika mlango wa kijani nikamwambia kidonge kile kimoja kimeniponya kabisa, hivyo vingine vyote ni haki yake. Nikakunja suruali yangu nikamwonyesha goti upande usiovimba sana.

Tangu hapo nimempa kimoja kila asubuhi na glasi ya maji, na daftari nikamwachia aandike yeye, maana anayemeza ndiye anayejua. Najua mtanigombeza kwa sababu ya presha yake. Nigombezeni, nimestahili, na mjue kuwa usiku ule wa kwanza nilihesabu kila pumzi yake. Lakini ameshuka, Ndugu Mkurugenzi. Ameimba. Juzi nilimsikia akipanda ngazi huku anamkaripia mtoto wa jirani, yote mawili kwa pumzi moja.

Matokeo yenu bora kwa hiyo si yangu, ni ya mtu mliyemkataa, na ameyapata kwa chaki. Goti langu linauma kama siku ya kwanza, na tepu yenu haijasinyaa. Hayo hayanisumbui. Ninachoomba ni vidonge tu, na ile barua ya mihuri miwili. Akijua ilikuwa chaki, ataanza tena kutazama mandhari.

Tanbihi ya pili, kwa kalamu nyekundu.

Ndugu Mkurugenzi,

Barua hii nimeikuta kwenye droo ya cherehani nilipokwenda kutafuta mkasi. Yako niliikuta humo humo wiki iliyopita. Fundi amekuwa akificha vitu katika droo hiyo tangu tulipooana, nami nimekuwa nikitafuta mkasi tangu tulipooana. Nimesahihisha makosa tisa. Mengine nimeyaacha kwa sababu yanafanana naye.

Kidonge kimoja cha wiki ya tatu kilinikwama kooni nikakitafuna. Nimekula vumbi la chaki miaka thelathini na moja, Ndugu Mkurugenzi. Sikuhitaji maabara.

Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji, ameegemea fremu ili mguu wa kulia usiguse chini, ananitazama nikimeza, uso umemchangamka kama yeye ndiye anayepona. Mtu akikupa dawa yake huku mwenyewe anaumwa, utamwambia nini? Nikamaliza maji, nikashuka ngazi. Niliuma midomo ngazi zote arobaini na mbili, kisha nikaandika kwenye daftari kwamba nimeshuka. Kesho yake nikashuka tena kwa kuwa nilikuwa nimeshaandika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kwenda na kurudi kila siku kwa miezi mitatu, na naona goti nalo limeanza kuzoea uongo. Linauma, ila si kama zamani. Hata sauti ya kwanza niliiimba kweli. Hayo ndiyo matokeo yenu, mwandike mtakavyoona.

Anayeumwa ni yeye. Mimi nikiwa juu humsikia akishona chini, na mlio wa cherehani ile naujua kuliko wa saa ya ukutani. Tangu mwezi wa kwanza wa utafiti wenu anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Mlio unakwenda, unasita, unakwenda. Wiki hii amemshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mfupi kwa inchi nzima, na Fundi huyu hajawahi kukosea hata robo. Akiacha kukanyaga, sijui atakuwa nani. Nalisema wazi kwa kuwa yeye hatalisema: ninaogopa.

Kwa hiyo yale ya wizara myaache. Kinyozi pia mwacheni, yeye alikuwa akichechemea kwa uvivu tangu ujana wake. Naomba chupa mbili. Moja ya dawa ya kweli, kwa ajili yake. Nyingine ya chaki, kwa ajili yangu, maana presha yangu hairuhusu zaidi, mlisema wenyewe, na ngazi nimeshazizoea. Barua hii naishusha posta mimi mwenyewe sasa hivi, kabla hajarudi kutoka kununua uzi.

Ila chupa mziandike hivi. Ya dawa iandikwe: Chaki, ya Fundi. Hiyo nitamsimamia mimi, na glasi ya maji, mpaka ameze. Ya chaki iandikwe: Dawa, ya Mwalimu. Msije mkakosea. Akijua ipi ndiyo dawa, atanipa mimi.